Kitabu Kabla ya Darasa: Chimbuko la Vitabu vya Kufundishia Sanaa na Deni la Buha

Kitabu cha kufundishia sanaa, yaani kitabu kinachomwelekeza mwalimu namna ya kumwongoza mwanafunzi kuchora, kufinyanga, kusuka au kuchonga, huchukua muda mrefu kabla ya ukurasa wake wa kwanza kuandikwa, kwa sababu mwandishi hulazimika kukaa kwanza na mafundi, kukusanya kazi zao na kuzielewa hatua za utengenezaji ambazo fundi mwenyewe huzijua kwa mikono bila kuwahi kuzieleza kwa maneno. Katika Afrika Mashariki, hatua hizo za mwanzo zinaonekana vizuri katika kazi ya Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Uingereza mwaka 1904.

Trowell alisoma katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, kisha akafunzwa ualimu na Marion Richardson, ambaye mbinu yake ilikuwa mwalimu kusimulia tukio kwa maneno, wanafunzi wakaliwaza akilini hadi wapate taswira yao wenyewe, ndipo wakachora, badala ya kunakili mchoro uliotundikwa mbele yao. Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell, na akiwa Machakos alijifunza kwa mafundi wa Kikamba. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na miaka miwili baadaye, 1937, kilichapishwa kitabu chake cha kwanza kuhusu sanaa na kazi za mikono za Kiafrika shuleni. Ni katika mwaka huohuo alipoanzisha darasa kwenye baraza ya nyumba yake, katika kilima cha Mulago, darasa ambalo hatimaye lilizaa shule ya sanaa ya Makerere. Mfuatano huu una uzito mkubwa, kwani unaonyesha kwamba kitabu hakikutokana na darasa la Makerere bali na miaka iliyotangulia, ambayo mwandishi aliitumia kujifunza kwa watu ambao hawakuwa na cheti chochote.

Wazo hilo la kujifunza kwa mafundi wenyeji lilikuwa limeandaliwa njia na waraka wa mwaka 1925, ambamo serikali ya Uingereza ilielekeza kwamba elimu katika makoloni ya Afrika ifungamane na maisha na mila za wenyeji. Hata hivyo, Trowell aliamini kuwa Waafrika wa eneo hili hawakuwa na desturi ya uchoraji wa picha, na kwa sababu hiyo aliitafuta mizizi ya sanaa yao katika vyombo vya nyumbani. Imani hiyo ilikuwa finyu, maana ilimpima msanii kwa kipimo cha picha ya fremu, lakini ilimfanya atazame kwa makini kikapu, ngozi na chungu, vitu ambavyo wakoloni wengi walivipita bila kuvitazama.

Kitabu chake kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, alichokiandika na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann, kilitoka mwaka 1953, baada ya Trowell kuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, kazi ambayo Wachsmann naye aliishika baada yake. Trowell aliandika juu ya vyombo vya nyumbani na vya sherehe, naye Wachsmann juu ya ala za muziki. Makusanyo ya makumbusho ndiyo yaliyokuwa msingi wa kitabu: kila chombo kilihitaji kujulikana kimetengenezwa kwa mti, nyasi, gome au udongo gani, na kwa hatua zipi.

Makumbusho hayo yaliihudumia Uganda, na mipaka ya kikoloni iliiacha nje nchi ya Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kasanda, ambayo sasa imo katika wilaya ya Kakonko. Waha ni jamii ya Maziwa Makuu, jirani wa Warundi, wenye tawala za kale zilizoongozwa na mwami, yaani mfalme, ambaye ngoma zilikuwa alama ya enzi yake. Nao walikuwa na ususi, ufinyanzi na uhunzi wao. Buha ilitawaliwa na Wajerumani, ikashikwa na Wabelgiji kuanzia 1916, kisha ikawekwa chini ya Waingereza, na katika uchumi wa kikoloni ikafanywa chimbuko la manamba, yaani vibarua wa mikataba waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Utawala uliomhesabu Mha kama nguvu ya kukata mkonge haukuwa na sababu ya kumuuliza anasukaje kikapu, na hilo ni dhuluma ambayo historia ya elimu ya sanaa haina budi kuitaja.

Mtanganyika Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Trowell, akawa mwalimu huko, na baada ya uhuru akawa kamishna wa utamaduni wa Tanzania. Kwa hiyo ujuzi wa kufundisha sanaa uliingia nchini muda mrefu uliopita. Na huko Buha, walimu wanafunzi wa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga wanazungukwa na wasusi na wafinyanzi walio hai. Basi na waende kwao sasa, waandike jina la kila nyasi na kila hatua ya ususi kwa Kiha na kwa Kiswahili, kabla mafundi hao hawajaondoka na ujuzi wao.