Michango ya Wananchi kwa Wapiganaji wa Vita vya Kagera

Majeshi ya Rais wa Uganda, Idi Amin, yalipovamia Kagera mwaka 1978, Watanzania walichangia wapiganaji wao fedha, nafaka na ng'ombe, na magari ya raia yakasomba askari na vyakula. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli. Kampala, mji mkuu wa Uganda, ilitekwa Aprili 11, 1979. Wengi wa waliokufa vitani walizikwa Kaboya, Muleba. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka: Rais huweka kwenye mnara wa mashujaa mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, na mwakilishi wa wapiganaji wastaafu shoka.