Babu, Nazi na Mahakama Isiyo na Wakili

Nimekuwa kimya siku kadhaa wapenzi wasomaji, msinilaumu. Nilikuwa shamba, Kiwengwa, kwa babu yangu mzaa mama. Kama hukujui, panda gari ya 117 kutoka mjini, pita Mahonda, pita Kinyasini, ukianza kuona mahoteli ya Wataliano ujue umefika.

Nilikwenda na gazeti lenye habari yangu, jina langu liko pale juu kabisa! Kijana mmoja wa huko huko alikamatwa na kamera ya mgeni, akafikishwa mahakamani, akakana shitaka, kesi ikaahirishwa. Mimi kwa mbwembwe nikaandika: mwizi wa kamera apandishwa kizimbani. Babu akavaa miwani, akasoma pole pole, akanirudishia.

"Mjukuu wangu, huyu kashahukumiwa?"

"Bado babu."

"Basi wewe umemwita mwizi kama nani?"

Nilitaka kucheka, lakini babu hakuwa anacheka. Ndipo aliponihadithia habari za mdogo wake, ambazo sijawahi kuzisikia nyumbani. Miaka ya sabini huyu bwana alishitakiwa kuiba nazi. Akasimama mbele ya watu watatu, akaulizwa, akajibu, basi. Wakili hakuna. Akapelekwa Chuo cha Mafunzo, ndivyo sisi Wazanzibari tunavyoiita jela. "Aliziiba kweli?" nikauliza. Babu akasema: "Sijui. Na wale watatu hawakujua."

Niliporudi mjini nikaanza kufukunyua historia, na hapa ndipo patamu.

Zamani Unguja swali la kwanza la kesi lilikuwa wewe ni mtu wa nani. Marekani ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839, na raia wao wakawa wanahukumiwa na balozi wao. Raia wa Sultani alikwenda kwa kadhi au kwa liwali. Watu wawili wa mtaa mmoja, kosa moja, milango miwili! Waingereza walipokamata utawala wakaleta sheria zao, na mwaka 1934 ikaja Dikrii ya Adhabu, iliyodumu mpaka ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2004. Hiyo nayo ikapisha ya sasa, Sheria ya Adhabu namba 6 ya mwaka 2018.

Katikati ndiyo kuna kisa cha mdogo wake babu. Kwa dikrii ya mwaka 1969 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Mahakama za Wananchi: wajumbe watatu walioteuliwa na Rais, bila ya kuhitaji elimu ya sheria, na mawakili wakapigwa marufuku. Tuwe wakweli, hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mahakama za kikoloni zilizungumza Kiingereza, na wakili alikuwa wa mwenye pesa. Mkulima wa Kiwengwa angefuata nini kule? Lakini dawa ikawa kali kuliko maradhi.

Kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya uhaini. Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, na mwaka uliofuata watu 81 wakashitakiwa. Mwendesha mashtaka alikuwa Mwanasheria Mkuu, Wolfango Dourado. Upande wa utetezi kiti kilikuwa kitupu, kwa kuwa sheria haikukiweka. Baadhi ya washitakiwa walisema maelezo yao ya kukiri waliyatoa kwa mateso. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo mwaka 1974 na hakuwemo hata chumbani, alikuwa kizuizini Bara, ambako Nyerere alikataa kumrejesha. Aliachiwa huru mwaka 1978.

Mahakama hizo zilifutwa mwaka 1985, baada ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Katiba hiyo, kifungu cha 12, inakataza kumtendea mshitakiwa kama mwenye kosa kabla halijathibitishwa. Maana yake kwa lugha ya barazani: mzigo wa kuthibitisha ni wa aliyeshitaki, tena bila kuacha shaka ya maana. Wewe uliyeshitakiwa hudaiwi kuthibitisha kwamba hukuiba. Ukinyamaza, kunyamaza si kukiri. Leo kesi za jinai zinapanda kutoka mahakama za chini hadi Mahakama Kuu, na kutoka hapo zinaweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kadhi amebaki na ndoa, talaka na mirathi.

Na si maneno ya karatasini tu. Wanachama 18 wa CUF walioshitakiwa kwa uhaini dhidi ya Zanzibar walikaa ndani takriban miaka mitatu. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa sababu ya Muungano. Mtu anaweza kubishana na hoja hiyo kisiasa (na barazani wanabishana mpaka kahawa inapoa), lakini safari hii palikuwa na mawakili wa kuijenga.

Yule kijana wa kamera kesi yake haijesha. Nimemwomba mhariri tuchapishe masahihisho, amenipa mistari miwili ukurasa wa ndani. Nimeandika mshitakiwa. Jumatatu nakwenda kusikiliza mashahidi, halafu napanda 117 kumpelekea babu gazeti. Keshasema atavaa miwani.