Kutoka Mathari hadi Rakai: jinsi tiba ya sonona ilivyojifunza kuuliza

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mjini Geneva kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Kenya, kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Carothers alikuwa ameisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Ndani ya kitabu alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kuharibiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa hoja kwamba mtu asiyebeba wajibu wake mwenyewe hana sababu ya kujilaumu. Mwaka 1961 Frantz Fanon alimjibu kwa ukali, lakini kauli ilikuwa imeshatoka chini ya nembo ya shirika la dunia nzima, na madaktari waliendelea kuinukuu.

Inafaa kutazama kosa hilo lilikoanzia. Wengi wa waliofikishwa Mathari waliletwa kwa nguvu ya dola, kwa sababu walikuwa wamepiga watu, wamechoma nyumba au wanazurura wakitisha wapita njia. Mjane aliyeacha kwenda shamba, asiyelala usiku wala kuonja chakula, hakumsumbua askari yeyote. Alibaki nyumbani akitunzwa na nduguze, au akapelekwa kwa mganga. Carothers aliwahesabu waliopita langoni kwake, kisha akatoa hukumu juu ya mamilioni ambao hawakupita wala kuulizwa hali.

Waliokwenda kuuliza walikuta mengine kabisa. Margaret Field, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alikaa vijijini Ghana katika miaka ya 1950, kwenye vilinge ambako watu walipeleka shida zao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 aliandika juu ya wanawake wa makamo waliofika wakijishtaki wenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba ni wachawi na kwamba wamewadhuru jamaa zao. Yeye aliitambua hali yao kuwa sonona, na kujilaumu kule ambako Carothers alisema hakupo kulikuwa mbele ya macho yake. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, Abeokuta, alishirikiana na Alexander Leighton wa Marekani kupima afya ya akili ya Wayoruba vijijini kwao, na taarifa yao ikatoka mwaka 1963. Kisha mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti kutoka vijiji viwili vya Uganda. Walitumia dodoso lililokwisha kutumika kwa wanawake wa Camberwell, London, na sonona ikaonekana kwa wingi zaidi Uganda.

Hivyo ilichukua zaidi ya robo karne kuthibitisha kwamba ugonjwa upo. Swali la namna ya kuutibu lilichukua karibu robo karne nyingine.

Tiba za mazungumzo tunazozisikia leo zilizaliwa Marekani. Aaron Beck wa Philadelphia alitoa kitabu chake kuhusu tiba ya fikra kwa wenye sonona mwaka 1979. Gerald Klerman na Myrna Weissman walianza kutengeneza tiba ya mahusiano mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwongozo wake mwaka 1984. Hoja yao ni kwamba, vyovyote iwavyo chanzo cha sonona mwilini, mara nyingi inazuka pamoja na jambo lililotokea kati ya mtu na watu wake: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya nafasi yake katika maisha, au upweke. Mgonjwa na mtabibu wanalitafuta jambo hilo, kisha wanalifanyia kazi kwa wiki kadhaa. Tiba ilipangwa kwa mtu anayekaa peke yake na mtaalamu chumbani na kusema wazi kinachomkera. Je, ingefaa kijijini?

Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, inapakana na Kagera ya Tanzania. Majeshi ya vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979 yalipita huko, na Masaka mjini paliharibiwa vibaya. Mwaka 1982 ugonjwa mpya, UKIMWI, ulianza kutambuliwa Kasensero, kwenye mwalo wa Ziwa Viktoria. Wenyeji wa Kagera, ulipowafikia, waliuita Juliana. Miaka ishirini baadaye Rakai na Masaka zilikuwa zimezika watu wengi mno, na waliobaki walikuwa wakilea yatima, wakiuguza, na kuzika tena.

Mwaka 2000 mtafiti Paul Bolton alifanya kazi huko pamoja na shirika la World Vision. Alikuwa ametoka kujaribu mbinu yake Rwanda, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, ambako wanakijiji walimweleza huzuni nzito waliyoiita *agahinda gakabije*. Mbinu yenyewe ni nyepesi kueleza. Badala ya kuanza na orodha ya dalili kutoka vitabuni, wasaili wanaozungumza lugha ya mahali wanawaomba watu wataje matatizo waliyoletewa na janga lililowapata, yote, kwa maneno yao. Kisha wanarudi kwa wale wanaoyafahamu zaidi matatizo ya moyoni na kuuliza: anayeugua hivi anaonekanaje? Rakai na Masaka watu walitaja hali mbili, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*, yaani kujichukia na kujihurumia, na dalili walizozieleza zilikaribiana sana na sonona ya vitabuni.

Halafu likaja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito kuliko yote katika kazi hii. Wanawake kwa upande wao na wanaume kwa upande wao waliulizwa: mtu mzima hapa anatakiwa afanye nini ili ajitunze, aitunze familia yake na ashiriki mambo ya kijiji? Majibu yalitajwa kama yanavyotajwa barazani, kuanzia kulima, kupika na kulea watoto hadi kuhudumia nyumba na kufika penye shughuli za jamii, na yakageuzwa kuwa kipimo. Kwa hiyo kupona kulipimwa kwa kazi ambazo wenyeji wenyewe walisema ndizo zinazomfanya mtu awe mzima. Hata wagonjwa walipatikana kwa njia hiyo, kwa wanakijiji kuwataja wale waliodhani wana hali hizo mbili, kabla ya dodoso kutumika.

Dawa za sonona zilikuwa ghali mno kwa mahali pale, hivyo ikachaguliwa tiba ya mahusiano. Helena Verdeli na Kathleen Clougherty, wenzake Weissman, waliirekebisha na kuwafundisha viongozi wa vikundi kwa muda wa wiki mbili. Viongozi hao walikuwa wenyeji waliosoma sekondari, wasio madaktari wala wauguzi. Tiba ya mtu mmoja mmoja ikawa ya kikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kila kikundi na kiongozi wa jinsia yake.

Marekebisho mengine yanaonyesha jinsi walivyosikiliza. Eneo la nne, upweke, liliondolewa, kwa kuwa katika vijiji vile mtu aliyetengwa kabisa na wenzake alikuwa nadra. Katika mambo ya msiba, mtabibu wa Marekani humuuliza mfiwa mema na mabaya ya marehemu. Kule kumsema vibaya marehemu ni mwiko, kwa hiyo swali likazungushwa hadi mfiwa aweze kugusa machungu yake bila kumvunjia heshima aliyelala. Katika ugomvi wa nyumbani, mke hakushauriwa kumkabili mumewe uso kwa uso. Kikundi kilitafuta njia zinazokubalika, kama kumtumia mkubwa wa ukoo aseme naye. Na msiba ulipotokea kijijini, kila mtu alikwenda mazikoni na kipindi kikasubiri.

Majaribio yalifanyika mwaka 2002 katika vijiji 30, kura ikiamua vipi vipate tiba na vipi viendelee na maisha yao ya kawaida. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila mara. Kabla ya kuanza, waliokidhi vigezo vya sonona walikuwa asilimia 86 katika vijiji vya tiba na asilimia 94 katika vijiji vya kulinganishia. Baadaye vijiji vya tiba vilibaki na asilimia 6.5, na vile vingine asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Watafiti waliporudi baada ya miezi sita walikuta nafuu bado ipo, na vikundi vingi vikiendelea kukutana vyenyewe bila kuitwa na mtu.

Ni lazima kusoma tarakimu hizo kwa uangalifu. Hata vijiji visivyopewa kitu vilipata nafuu kiasi chake, na anayepewa kikundi hawezi kulinganishwa kwa haki na asiyepewa chochote. Huenda kilichoponya ni kukaa na wenzake tu? Jibu moja lilitoka Uganda hiyohiyo. Bolton na wenzake walikwenda kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu, kwa vijana 314 wa Kiacholi wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Baadhi walipata tiba ya mahusiano, baadhi michezo ya ubunifu katika vikundi, na baadhi walisubiri. Matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba michezo haikuwazidi waliosubiri, na tiba ya mahusiano iliwasaidia wasichana, huku nafuu ya wavulana ikishindwa kuthibitika. Basi kukutana peke yake hakutoshi, na tiba iliyowafaa wanaume wa Masaka si lazima iwafae wavulana wa Gulu. Naona habari ya wavulana hao inatajwa kidogo mno.

Harare ilipita njia yake. Mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya serikali ya Zimbabwe kubomoa makazi ya maelfu ya watu mijini, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, wahudumu wa afya wa mtaa. Nafasi ndani ya kliniki haikuwepo, kwa hiyo wakakaa nje, kwenye mabenchi, wakizungumza na watu waliolemewa na *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio katika kliniki 24 za jiji yalionyesha kwamba mabibi walifanikiwa kwa kiwango ambacho kingempa fahari mtaalamu yeyote. Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walijaribu vikundi vya wajawazito wenye VVU vilivyoongozwa na wakunga; nafuu ya sonona ilionekana, ila haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa. Utafiti wa aina hiyo unastahili kusomwa kwa makini sawa na ule uliofana.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, lilitoa mwongozo wa tiba ya mahusiano kwa vikundi, wenye mizizi Rakai na Masaka, na yeyote anaweza kuupata bure. Hofu yangu ni kwamba mwongozo ukishachapwa, hatua ya kuuliza ndiyo ya kwanza kuonekana gharama isiyo ya lazima. Walioandaa tiba ya wanawake walionusurika ukatili wa kingono mashariki mwa Kongo, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2013, hawakuiruka. Kiswahili kinasikika Kivu kote, lakini walifanya kazi kwa Kiswahili pamoja na Kibembe, Kifuliru, Kihavu na Mashi, na mazoezi ya kuandika yakageuzwa ya kukariri kwa wasiojua kusoma. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Mwongozo wa Kiswahili uliotengenezwa Nairobi ukipelekwa Uvira au Pemba, watu wa huko wanapaswa kuulizwa upya kabla kikundi cha kwanza hakijakaa.