Mji Uliojengwa Mara Tatu: Historia Fupi ya Uhindini, Dar es Salaam

Kamati ya toleo hili la kumbukumbu imenipa heshima ya kuandika juu ya historia ya mitaa inayolizunguka hekalu letu. Nimeipokea kazi hii kwa furaha, ingawa mimi si mwanahistoria. Elimu yangu ni ya sekondari na maisha yangu yamekuwa ya dukani. Lakini mtu aliyefungua mlango wa duka kila asubuhi kwa zaidi ya miaka 40 katika mtaa mmoja huona mengi yakijengwa na mengi yakibomolewa.

Sehemu hii ya Dar es Salaam, kuanzia bandarini hadi Mnazi Mmoja, imejengwa mara tatu katika muda wa miaka 160 hivi. Kila mara uamuzi ulitoka mbali na wakazi, na kila mara wakazi ndio waliobeba gharama yake. Nayaandika haya wakati sisi wenyewe, wanachama wa hekalu hili, tunajadili kama kiwanja chetu nacho kijengwe ghorofa, maduka yakiwa chini na ukumbi wa ibada juu. Safari hii uamuzi uko mikononi mwetu. Ni vema basi tujue yaliyotangulia.

Mji wa kwanza

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Alitaka bandari yenye kina na mlango wa biashara ya bara. Kazi ngumu ya ujenzi ilifanywa na watumwa, na historia yoyote ya kweli ya Dar es Salaam haina budi kulitaja jambo hilo. Boma la Kale, linaloitazama bandari mpaka leo, ni la zama hizo. Majid alifariki mwaka 1870, na mrithi wake, Sultani Barghash, hakuuendeleza mji. Ulilala hadi Wajerumani walipofika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo.

Mwaka huo huo wa 1891 ilitolewa kanuni ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa bahari zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu, na upande wa pili zikaruhusiwa nyumba za udongo na makuti. Waingereza waliouteka mji mwaka 1916 waliuendeleza mgawanyo huo mpaka kila mtu akajua mahali pake: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka. Watoto waliocheza mpira pale hawakujua kwamba walikuwa wakicheza juu ya mpaka wa watu.

Babu zetu walitoka Kachi, Kathiawar na Surat, wengi wakipitia Zanzibar na Bagamoyo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliwavuta wengine zaidi. Nyumba zao za kwanza zilikuwa za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zikiezekwa kwa mabati. Chini duka, nyuma ghala, katikati ua wa ndani wenye kisima au birika la maji, juu vyumba vya familia. Mbele ilikuwapo baraza, na baraza hiyo ilikuwa ya mtaa mzima. Fundi cherehani aliweka mashine yake hapo, muuza kahawa alipumzika hapo, na hamali alijikinga mvua hapo bila kuulizwa na mtu.

Katika miaka ya 1930 saruji ilianza kushika nafasi ya chokaa. Ndipo zilipotokea nyumba za ghorofa mbili au tatu zenye pembe za mviringo, vibaraza vya zege, na jina la familia pamoja na mwaka wa ujenzi juu ya paji la nyumba. Wenye fedha walikuwa wafanyabiashara, Wahindu kwa Waislamu, Mabohora, Maismailia na Maithnaasheri. Waliochanganya zege na kupandisha ndoo walikuwa vibarua Waafrika, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye paji la nyumba yoyote. Ukuta ule ni urithi wao pia.

Mwaka 1971

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Mitaa ikabadilishwa majina, na watu wakaanza kuhama na kuhamia bila kujali mipaka ya zamani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa. Mwezi Aprili 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majengo yaliyopangishwa, yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyokuwa kuukuu, na lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa kitu.

Jambo hili lina pande mbili, na umri wangu unaniruhusu kuzitaja zote. Wapo waliokuwa wameweka akiba ya maisha katika nyumba moja, wakitegemea kodi yake uzeeni, wakaamka bila kitu. Wengi wao walikata tiketi za London na Toronto, na safu za viatu mlangoni mwa hekalu zikapungua. Lakini familia yangu ilikuwa ya wapangaji. Baba yangu alikuwa amelipa kilemba kizito ili apate vyumba viwili, na kodi ilikuwa ikipanda kila mwenye nyumba alipopenda. Kwa watu kama sisi, na kwa Waafrika waliokuwa hawajawahi kupata chumba katikati ya mji, sheria ile ilifungua mlango. Majirani waliolia siku ile na majirani waliopumua siku ile waliishi ngazi moja.

Kilichofuata kilikuwa ukimya wa miaka 20. Kodi ilikuwa ndogo, saruji na rangi vilikuwa adimu, na nyumba ambayo haina mwenyewe wa kuiangalia huchakaa upesi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa hazikuzibwa. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili wa Majumba iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeundwa tangu mwaka 1962, na shirika likarithi mitaa mizima ya majengo yenye mapaa yanayovuja.

Mji wa ghorofa

Katika miaka ya 1990 uchumi ulifunguliwa, na shirika likaanza kuingia ubia na watu binafsi. Mwenye ardhi alitoa kiwanja, mbia akatoa mtaji, nyumba ya ghorofa mbili ikabomolewa na mahali pake likapanda jengo la ghorofa 10 au zaidi. Baadaye Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilimwezesha mtu kupata hati ya fleti yake pekee. Sisi wafanyabiashara tulifurahi, na sababu tulikuwa nazo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 5,380,000. Jiji la namna hiyo haliwezi kubaki na nyumba za ghorofa mbili katikati yake. Lifti, maji ya tangi na mlinzi mlangoni ni mambo mema, hasa kwa wazee wetu wasioweza tena kupanda ngazi.

Lakini ghorofa ilipanda upesi kuliko kila kitu kilicho chini yake. Mabomba ya maji taka ya mitaa hii yaliwekwa kwa ajili ya familia mbili tatu kwa kila kiwanja. Leo kiwanja kile kile kina familia 40, na mvua za masika zikija chemba hufumuka. Barabara ni zile zile za mikokoteni. Ardhi yetu ni ya mchanga, na maji yako karibu. Mkandarasi akichimba ghorofa za chini kwa ajili ya magari na kuyavuta maji usiku na mchana, mchanga wa jirani nao husogea, na ufa huonekana katika ukuta ambao haukuhusika na ujenzi wowote. Kila duka la mtaa huu limewahi kupokea vumbi, kokoto na kelele za jenereta za watu wengine.

Na liko lililo zito kuliko vumbi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka asubuhi. Watu 36 walifariki, wakiwamo mafundi na vibarua waliokuwa kazini, na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ilitangazwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Siku ile hakuna aliyeuliza dini ya mtu. Wanachama wa hekalu, waumini wa misikiti na makanisa, wapita njia, askari na wachuuzi wa matunda walikaa siku nzima katika kifusi, wengine wakichimba kwa mikono. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25. Miaka 11 ilikuwa imepita kati ya maafa hayo mawili, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa yale yale.

Mwaka 1863

Mara nyingi vijana wameniuliza kwa nini sheria haikuzilinda nyumba za zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa au Bagamoyo hilo lina maana kubwa. Kwa Dar es Salaam, mji ulioanza katika miaka hiyo hiyo, maana yake ni kwamba karibu hakuna jengo linaloingia. Yaliyobaki hulindwa pale tu Serikali inapoyatangaza moja baada ya jingine. Nyumba ya mwaka 1934 yenye paji zuri la plasta haina kinga yoyote isipokuwa moyo wa mwenye nayo.

Hiyo ndiyo sababu nyumba za ibada zimebaki. Hazikuwa nyumba za kupangishwa mwaka 1971, wala hazina mmiliki mmoja anayeweza kushawishiwa kwa bei. Zimebaki kwa sababu ni za wengi, na wengi hawakubaliani upesi. Mara nyingi tumeulalamikia uzito huo katika mikutano yetu, lakini ndio uliotuhifadhia mahali pa kukutania.

Zamu yetu

Sasa narudi kwenye hoja iliyo mezani. Sipingi ghorofa. Paa la hekalu linavuja, ukumbi hautoshi siku za Diwali, na fedha za kodi ya maduka zingesomesha watoto wengi. Ninachoomba ni kwamba, tukijenga, tusiwatendee wengine yale ambayo sisi tumetendewa mara tatu.

Kwanza, kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, majirani wote waitwe, wa dini zote na wasio na dini. Kuta zao zipigwe picha na kukaguliwa na mhandisi tusiyemlipa kwa kumaliza kazi haraka, na iandikwe nani atalipa ufa ukitokea. Pili, idadi ya ghorofa iwe ile iliyo katika kibali, na kibali kibandikwe ukutani mahali ambapo hata muuza karanga anaweza kukisoma. Tatu, fundi viatu, mama lishe na muuza maua wanaoishi kwa baraza yetu wahesabiwe katika mpango tangu mwanzo. Wengine wao wamekaa hapo muda mrefu kuliko wajumbe wengi wa kamati. Nne, paji la zamani la hekalu, lenye mwaka wake, libaki mbele ya jengo jipya, na vyumba vyote vipigwe picha na kupimwa kabla havijaguswa. Tano, ibaki baraza. Jengo jipya lililozungushiwa uzio wa mabati na kioo cheusi huwaambia wapita njia kwamba hawatakiwi, na hekalu haliwezi kusema hivyo.

Masharti haya yataongeza gharama na kuchelewesha kazi, pengine kwa miezi mingi. Mbia atakayeyakataa tumuage kwa heshima, paa tulizibe kwa michango yetu kama walivyofanya waliotutangulia, na tumngoje mwingine. Majirani waliochimba kifusi pamoja nasi mwaka 2013 wanastahili angalau kuulizwa kabla hatujaanza kuchimba karibu na kuta zao.