Mtoro bin Mwinyi Bakari na Jalada la Kitabu Chake

Kando ya Mnazi Mmoja, upande wa kuelekea Kariakoo, huwapo wachuuzi wa vitabu vikuukuu na vitini vya wanafunzi, bidhaa zao zimetandazwa chini juu ya turubai. Hapo mwaka jana naliokota kitini juu ya mila za pwani, chenye jina la mtu nisiyemjua. Nalikifungua nikayakuta maneno yangu. Hayakuwa maneno ya kufanana na yangu. Yalikuwa yangu hasa, aya baada ya aya, pamoja na kosa moja la chapa lililonikera miaka mingi. Msomaji aliyepata kupotewa na kitu, kisha akakiona mkononi mwa mwingine, ajua jinsi damu ipandavyo kichwani.

Hasira hiyo haikudumu hata kufika kituo cha basi. Katika ukurasa mmoja mwizi wangu alikuwa amenakili, neno kwa neno, sentensi yangu isemayo kwamba Velten ameeleza hivi na hivi juu ya malezi ya mtoto wa Kiswahili. Velten hakueleza jambo hilo. Aliyelieleza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, nami nalijua hivyo tangu ujana wangu wa masomo.

Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Aliyesimamia somo hilo alikuwa Carl Velten, ambaye hapo nyuma alikuwa mkalimani wa serikali ya Wadachi hapa Dar es Salaam. Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha *Safari za Wasuaheli*, na ndani yake kila msafiri alisimama chini ya jina lake mwenyewe: Selim bin Abakari na safari yake ya Urusi na Siberia, Sleman bin Mwenye Chande na safari yake ya bara, na Mtoro na habari za Udoe na Uzaramo, ndiyo nchi iliyobeba Mnazi Mmoja hii.

Mwaka 1903 kikatoka *Desturi za Wasuaheli*. Hiki ni kitabu kizito: kuzaliwa na kulelewa, chuo, ngoma, pepo, ndoa, utumwa, maziko na sheria, vyote kwa Kiswahili ambacho hata leo sijui kingine cha nathari ya zama zile kinachokipita kwa utulivu. Watu wengine wa pwani walichangia, lakini sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro. Jalada likabeba jina la Velten, mkusanyaji na mhariri. Na tafsiri ya Kijerumani ya mwaka ule ule ikabeba jina lilo hilo.

Haki lazima itendeke kwa Velten pia. Hakudai kwamba yeye ndiye aliyeyatunga maneno yale, na katika dibaji alimtaja Mtoro. Kwa hiyo kumwita mwizi, kama nilivyomwita yule wa kitini, ni kupita kiasi. Lakini dibaji husomwa na wachache. Washairi wetu walijua hatari hii zamani: mtunzi wa utenzi alilitia jina lake, na pengine mji wake na mwaka, ndani ya beti za mwisho, hata aliyenakili shairi alilazimika kumnakili na mwenyewe. Nathari haikuwa na kinga hiyo.

Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walisafiri wote wawili kurudi Afrika Mashariki. Wenye mamlaka walikataa mke huyo ashuke nchini na mume Mwafrika, wakarejea Ujerumani. Mtu aliyeandika jinsi watu wa pwani wanavyooana, na wanavyozikana, alifariki Berlin mwaka 1927.

Hata mwaka 1965, Lyndon Harries alipochapa mkusanyo wa nathari ya Kiswahili ya wakati ule, anwani yake ilisema kwamba ni mali iliyokusanywa na Velten. Ilimpasa Mtoro angoje hadi 1981, miaka 54 baada ya kufa kwake, ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ikamrudishia jina lake juu ya jalada. Na Allen mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Sisi wahadhiri hatuna udhuru baada ya 1981. Hata hivyo tunaendelea kuandika "Velten, 1903", kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuandika, na kwa kuwa ni kufupi. Mimi naliandika hivyo kwa miaka kumi na mitatu mbele ya wanafunzi mia kwa mia, wala hapana aliyeninyoshea mkono.

Mhadhara ule nimeuandika upya, na jina la Mtoro limo kila panapostahili. Juma lililopita nalipita tena Mnazi Mmoja. Kitini kilikuwapo bado, kimechapwa mara ya pili, na ndani yake Velten angali akisema.