Diski Iliyoanguka Kutoka Angani

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika juu ya Texas, zikiwa zimebaki dakika kama 16 kitue. Wanaanga wote saba walikufa. Siku ya kurushwa, Januari 16, kipande cha povu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga ukingo wa bawa la kushoto, na wakati wa kurudi joto kali likapenya palepale. Watu walipekua mashamba na misitu kwa miezi wakaokota vipande zaidi ya 80,000, na bado vyote kwa pamoja havikufika hata nusu ya uzito wa chombo.

Miongoni mwa mabaki hayo kulikuwa na bonge la chuma lililoungua, ambalo hata aliyezoea kompyuta asingelitambua kwa haraka. Ilikuwa diski ngumu. Nafasi yake haikufika nusu ya gigabaiti. Picha za harusi moja ya siku hizi zingeijaza na kumwagika. Lakini humo ndimo yalimokaa matokeo ya jaribio liitwalo CVX-2, la mwanafizikia Robert Berg wa taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, pamoja na wenzake.

Swali lao lilikuwa la kiajabu kidogo. Rangi ya ukuta ikitulia koponi huwa nzito, ila brashi ikipita inalainika na kuteleza. Je, zenoni, gesi sahili kabisa, nayo hupungua mnato ikikorogwa? Nadharia ilisema ndiyo, mradi iwe karibu sana na ile hali ambamo gesi na kimiminika havitofautishiki tena. Duniani jambo hili halipimiki vizuri, kwa sababu zenoni iliyofika hapo hujikandamiza kwa uzito wake yenyewe. Ikabidi ipelekwe angani. Sehemu ya data ilitumwa kwa redio safari ikiendelea. Iliyobaki ilikuwa diskini.

Bonge lile lilipelekwa Minneapolis, kwa kampuni ya Kroll Ontrack, likaangukia mikononi mwa mhandisi Jon Edwards. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, kizibo cha upande mmoja kimeungua, vumbi limeingia ndani. Kwa kawaida vumbi ndilo muuaji. Ndani ya diski, sahani za chuma huzunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele; punje moja ikikaa katikati, kichwa hukwaruza sahani na kile kilichoandikwa hapo hakirudi. Ndiyo maana fundi mzuri hukwambia: ukisikia diski inagonga, izime, usijaribu tena na tena.

Sahani za Columbia hazikuwa na mikwaruzo hiyo. Inaelekea zilikuwa zimetulia chombo kilipovunjika. Na kuna jambo lingine linalonifurahisha kila nikilifikiria: kompyuta ya jaribio ilitumia DOS, mfumo ambao hata mwaka 2003 ulikuwa umezeeka. DOS haikutawanya data huku na kule. Iliziandika kwa mfuatano, na diski ilikuwa imejaa kama nusu tu. Sehemu zilizoharibika ziliangukia pale pasipo na kitu. Edwards alizisafisha sahani kwa kemikali, akazipachika kwenye diski nyingine nzima, na katika siku mbili hivi akasoma karibu asilimia 99 ya data.

Sisi wa historia tunapenda sana visa vya nyaraka zilizonusurika, na mara nyingi tunavisimulia kwa shangwe. Hiki kinanikwama. Diski mbili nyingine zilizokuwemo hazikufaa kitu, na watu saba hawakurudi. Sioni namna ya kuweka grafu ya mnato wa zenoni kwenye mizani moja na hayo. Hata hivyo, jaribio lile lilikuwa sehemu ya kazi ambayo safari hiyo ilifanywa kwa ajili yake, na Aprili 2008 matokeo yalichapishwa katika jarida la Physical Review E. Nadharia ilikuwa sahihi: zenoni hulainika.

Kulikuwa na maandishi mengine yaliyoanguka siku ile. Mwanaanga wa Israeli, Ilan Ramon, aliandika shajara kwa mkono, na kurasa 37 ziliokotwa shambani karibu na mji wa Palestine, Texas, miezi miwili baadaye, zikiwa zimelowa na kuraruka. Wahifadhi wa jumba la makumbusho la Israeli na wataalamu wa polisi wa nchi hiyo walizifanyia kazi kwa muda mrefu hadi wino ukasomeka. Oktoba mwaka huohuo wa 2008 kurasa mbili zilionyeshwa Jerusalem, mmoja wenye maneno ya sala ya Sabato aliyotaka kuisoma angani. Nyingi za kurasa nyingine zina mambo yake na familia yake.