Vyombo vya Bei Ghali na Ladha ya Msikilizaji

Kukusanya vyombo vya muziki vya hali ya juu ni uraibu wenye wafuasi dunia nzima, na hata hapa Pwani wapo. Amplifaya, spika, mashine ya santuri, hata waya, kila kimoja huchaguliwa kwa makini, na bei huweza kufika ya gari. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba vyombo hivyo hubadilisha pia aina ya muziki anaoupenda mwenyewe.

Chombo huchagua wimbo

Anayenunua spika mpya hutaka kuzijaribu, na huzijaribu kwa rekodi iliyofanywa kwa ustadi. Ndiyo maana waraibu hawa hukutana kwenye albamu zile zile: "Aja" ya Steely Dan (1977), iliyotunukiwa Grammy kwa ufundi wa kurekodi, "Brothers in Arms" ya Dire Straits (1985), iliyovuma CD zikiwa bado mpya, na "Hell Freezes Over" ya Eagles (1994). Mwimbaji aliye karibu na maikrofoni, ala chache, mwendo wa taratibu: hayo ndiyo huonyesha uwezo wa spika. Mazoea nayo yana taabu. Muziki uliokuwa wa kujaribia huishia kuwa ndio unaopendwa.

Upande wa pili, vyombo vizuri hufichua kasoro. Tangu miaka ya 1990, studio nyingi zimekuwa zikibana sauti ili wimbo wote usikike kwa nguvu moja. "Death Magnetic" ya Metallica (2008) ililalamikiwa kwa sababu hiyo. Ndani ya matatu huenda usijali, lakini kwenye spika nzuri sikio huchoka upesi.

Hatari kwa muziki wetu

Hapa ndipo suala linapotugusa. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye sahani ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Mombasa, duka la Assanand & Sons lilitoa santuri kwa jina la Mzuri. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo zilienea kwa kanda, nyingine zimenaswa harusini, vigelegele na yote. Kwa kipimo cha "sauti safi", karibu hazina yote hii itashindwa. Anayesikiliza kilicho safi tu atayajua magitaa ya California kuliko udi wa Zein l'Abdin.

Faida nayo ipo

Hata hivyo, uraibu huu humfunza mtu kutulia. Upande wa santuri ndefu huchukua dakika ishirini na kitu, na si rahisi kuruka nyimbo, hivyo husikiliza hata ule ambao asingeuchagua. Humo hutokea ladha mpya. Vyombo vizuri pia hutenganisha ala: utasikia tashkota inapojibizana na mwimbaji, na mkono wa mpiga dumbak. Mfululizo wa "Zanzibara", ambao toleo lake la pili ni la taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, unaonyesha kuwa rekodi za zamani zikitayarishwa vizuri hupendeza.

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza, tazama chumba. Kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Zulia, mapazia mazito na kuzisogeza spika mbali kidogo na ukuta huleta mabadiliko kuliko waya wa bei ghali. Pili, lijue sikio lako. Kijana mwenye afya husikia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini umri hupunguza sauti za juu kwanza. Kulipia usichoweza kukisikia ni israfu.

Tatu, pima vyombo kwa muziki unaoujua tangu utotoni, hata kama ni kanda yenye mchakacho. Spika zinazokufanya uichukie kanda hiyo hazikufai.

Na ikiwa nyumbani kuna sanduku la kanda za wazee, zishughulikie kabla ya kununua chochote. Unyevu wa Pwani haungoji. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti, nakili kanda kwenye kompyuta kwa faili isiyobanwa, na mchakacho uache ulivyo katika nakala ya kwanza. "Aja" itauzwa tena kesho. Kanda ya harusi ya bibi ikioza, hakuna duka utakaloipata.